Mgeni Aliyefika kwa Mashua

Jumapili ya 13 ya Mwaka A
Masomo: 2 Wafalme 4:8-11, 14-16, Warumi 6:3-4, 8-11, Mathayo 10:37-42



Masomo ya leo yanatupeleka mlangoni. Katika somo la kwanza, mwanamke mwenye mali wa mji wa Shunemu anamwona nabii Elisha akipita mara kwa mara njia ya kwao. Kwanza anamkaribisha chakula. Kisha anamshauri mumewe wamjengee nabii chumba kidogo juu ya nyumba, wamwekee humo kitanda, meza, kiti na taa, ili kila apitapo apate mahali pa kupumzika. Elisha si mwenyeji wa Shunemu. Ni mpita njia: hufika, hulala, huondoka. Na katika Injili Takatifu, Bwana wetu Yesu Kristo, akiwatuma mitume wake, anawafundisha kwamba mwenye kuwapokea wao anampokea yeye, na mwenye kumpokea yeye anampokea Baba aliyemtuma. Hata mtu akimpa mmoja wa wadogo hao kikombe cha maji baridi tu, thawabu yake haitapotea.

Ndugu wapendwa, mafundisho haya ni rahisi kuyasikia. Wengi wetu tutatoka kanisani leo tukisema: naam, tumeelewa, tuwakarimu wageni. Ugumu huanza pale mgeni mwenyewe anapotokea. Hutokea saa isiyofaa, kwa chombo tusichokijua, na sura tuliyokwisha kuonywa kuihofu. Hapo ndipo imani yetu inapopimwa. Kwa sababu hiyo leo twapenda kuwasimulia habari ya kweli iliyotokea mwaka 1897 katika bahari yetu hii ya Hindi. Ni habari yenye mafundisho kwa waamini wote, lakini zaidi kwa sisi mapadre na kwenu ninyi makatekista, ambao neno letu husikilizwa na kufuatwa.

Mashariki ya Morisi, mbali kabisa katikati ya maji, kuna kisiwa kidogo kiitwacho Rodrigues. Mji wake ni mmoja, Port Mathurin, ulio ufukweni upande wa kaskazini. Leo kisiwa hicho ni sehemu ya nchi ya Morisi. Zamani hizo kilitawaliwa na Waingereza. Watu wake walio wengi ni Wakatoliki, nao husema Krioli. Wengi wao ni wazao wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka Madagaska na kutoka upande wetu huu wa Afrika. Kwa hiyo tunaposimulia habari zao, twasimulia habari za jamaa zetu. Mtakatifu Yohane Paulo II aliwatembelea mwezi Oktoba 1989, na tangu mwaka 2002 kisiwa chao kimekuwa Vikarieti ya Kitume.

Mwezi Septemba 1897, pepo za kusi zikivuma kwa nguvu, watu wa Port Mathurin waliona tanga likitokea baharini. Ilikuwa mashua ndogo, yenye urefu wa futi 36 na inchi 9, yaani mita 11 na zaidi kidogo. Ni fupi kuliko majahazi mengi tuyajuayo. Ilikuja mbio mbele ya upepo, povu jeupe likiruka pande zote, mpaka ikapanda ufukweni. Na ndani yake alikuwamo mtu mmoja tu.

Mtu huyo aliitwa Joshua Slocum. Alizaliwa Kanada mwaka 1844, akawa raia wa Marekani, na maisha yake yote yalikuwa ya baharini. Aliwahi kuwa nahodha wa meli kubwa za matanga. Lakini mkewe alifariki mwaka 1884 wakiwa safarini, akazikwa ugenini, huko Buenos Aires. Na miaka michache baadaye meli yake mwenyewe iliangamia katika pwani ya Brazili. Zama za meli za matanga zilikuwa zinakwisha, na kazi ya unahodha ikawa adimu. Hapo akapewa mashua kuukuu iliyokuwa imetupwa shambani, akaijenga upya kwa mikono yake, ubao kwa ubao, kwa muda wa miezi 13. Akaiita Spray. Tarehe 24 Aprili 1895 aling'oa nanga katika bandari ya Boston, peke yake, kuizunguka dunia yote. Tena hakujua kuogelea. Alipofika Rodrigues alikuwa na umri wa miaka 53, na alikuwa safarini kwa zaidi ya miaka miwili.

Sasa sikilizeni yaliyompata. Yeye mwenyewe alisimulia katika kitabu alichokitoa mwaka 1900. Siku chache kabla ya kufika kwake, padre wa kisiwa alikuwa amewahubiria watu wake juu ya ujio wa Mpinga Kristo. Mahubiri yalikuwa bado yanawaka masikioni mwao. Basi walipoiona mashua ile ikija katika dhoruba, na mtu mmoja tu ndani yake, wakapiga kelele wakimwomba Mungu awasaidie, kwa maana ndiye huyo, amefika, na amefika kwa mashua! Habari ikaenea mji mzima. Bibi mmoja mzee alikimbilia nyumbani kwake, akajifungia. Aliposikia kwamba mgeni yuko njiani anapanda mjini, akaziba milango kwa vitu vizito. Na kwa siku zote nane mgeni alizokaa kisiwani, bibi yule hakutoka nje.

Mtawala wa kisiwa, yeye, alishuka gatini mara moja kutazama kuna nini. Kisha akapanda ndani ya mashua pamoja na familia yake, mbele ya macho ya watu. Watu walipoona hivyo, wakafuata mmoja mmoja. Watoto wa mtawala wakakichukua kihori cha mgeni. Nacho kilikuwa kichekesho, kwa sababu Slocum alikuwa ameukata mtumbwi wa kizungu katikati, akaziba palipokatwa kwa mbao, akapata kihori cha kumfikisha pwani na beseni la kufulia nguo. Watoto wakakipenda mno, hata baba yao akalazimika kuwaundia kingine mfano wa hicho. Jioni mgeni aliketi mezani kwa mtawala, palipo na vitambaa safi na bilauri za kung'aa, yeye ambaye kwa majuma mawili alikuwa amekula peke yake kwa kikombe kilichovunjika mkono. Tena mtawala akawakusanya watu, akampa mgeni nafasi ajieleze mwenyewe. Akawasimulia hatari za bahari, akawaonyesha ukutani picha za nchi alizopitia. Hofu ikapungua. Aliyebaki na hofu ni bibi yule peke yake.

Baadaye wakampeleka juu milimani, mahali paitwapo Saint-Gabriel. Padre wa huko akawapokea wote, akawalaza kwake. Asubuhi, mgeni alipoaga, padre yule alimkumbatia. Akamwambia kwamba, awe wa dini yoyote ile, yeye anamtakia afike salama, na Kristo Mwokozi awe pamoja naye daima. Slocum aliyaweka moyoni maneno hayo. Alijibu kwamba kama watu wote wa dini wangekuwa na moyo huo, damu ingemwagika kidogo zaidi duniani. Tarehe 16 Septemba akatweka tanga, akaenda zake Morisi, akiwa na gunia la viazi vitamu na gunia la komamanga.

Ndugu wapendwa, tusiwacheke watu wa Port Mathurin. Tukumbuke mababu zao walivyofika kisiwani. Waliletwa na vyombo vya matanga, kwa pingu. Watu ambao kwa vizazi vingi mema machache na mabaya mengi yamewajia kutoka upeo wa bahari, wana haki ya kulitazama tanga geni kwa mashaka. Hofu yao ilikuwa na historia. Na hata hofu zetu sisi, za mwizi, za tapeli, za mtu wa kabila jingine, mara nyingi zina historia. Mungu anaijua.

Wala tusimcheke bibi yule. Sisi twamfikiri mara nyingi, na kila tumfikiripo twaona haya kwa niaba ya wahubiri wote. Kwa sababu gani? Kwa sababu huenda katika kisiwa kizima hakuna aliyeyasikiliza mahubiri kuliko yeye. Wengine walisikia, wakasahau, wakashuka gatini kutazama picha. Yeye alilishika neno la padre. Alilishika kwa siku nane, gizani, nyuma ya mlango uliozibwa. Hivyo ndivyo ilivyo: tukitamka neno la hofu pasipo kulipima, wanaoumia kwanza ni wasikilizaji wetu waaminifu. Wasiotusikiliza hawadhuriki.

Nasi tunapaswa kuungama jambo hapa, maana hatusimulii habari za watu wa mbali ili tujifiche nyuma yao.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa paroko katika mji mdogo wa pwani. Usiku mmoja betri ya vipaza sauti vya kanisa iliibwa. Tulikasirika. Jumapili mbili mfululizo tulihubiri juu ya watu wasiojulikana wanaoingia mjini na mashua za uvuvi, tukawaonya waamini wajihadhari nao. Kisha tukamwita mlinzi wetu, mzee mwema, Mkristo safi, tukamwambia: ikifika saa kumi na mbili jioni funga lango, na asiingie mtu ambaye si wa parokia hii. Akaitika, "Sawa, Padre."

Yalikuwa majira ya dago. Wavuvi kutoka kusini walikuwa wamepiga kambi ufukweni kama wafanyavyo kila mwaka. Usiku wa saa nne hivi, mmoja wao alifika langoni amembeba mtoto wake wa kiume, mwenye umri wa miaka mitano. Mtoto alikuwa akiungua homa. Mji ule hakuujua, wala hakumjua mtu. Lakini alipokuwa baharini mchana aliuona msalaba juu ya paa la kanisa, naye ni mbatizwa, akaufuata. Mlinzi akamwambia kupitia katika nondo za lango, "Padre amekataza." Mtu yule hakubishana. Aligeuka.

Ng'ambo ya barabara aliishi mama mmoja Mwislamu, muuza vitumbua. Alikuwa bado macho, analoweka mchele wa kesho. Alimwona mtu amesimama barabarani na mtoto begani, akamwita ndani. Akamkanda mtoto kwa maji, akamtuma kijana wake atafute baiskeli, wakampeleka zahanati usiku ule ule. Mtoto aliwahiwa. Baada ya siku tatu alikuwa akicheza.

Sisi tuliipata habari asubuhi. Mlinzi ndiye aliyetuambia, akiwa amesimama wima kama askari aliyetimiza wajibu: "Padre, jana usiku alikuja mgeni, nimemzuia kama ulivyoagiza." Alingoja tumsifu. Ndugu zangu, hatutausahau uso wa mzee yule. Hakuwa na kosa. Alikuwa ameziba mlango kwa neno letu.

Tulivuka barabara. Mama yule tulipomshukuru, alishangaa kidogo, akasema, "Mtoto wa mwenzio akiungua homa, Padre, utamwuliza katoka wapi?" Baba wa mtoto alikuwa ameketi barazani. Akasimama, akatusalimu, "Tumsifu Yesu Kristo." Nasi tukaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi, naye akatukatiza kwa upole: "Nilidhani mmelala, Padre."

Hatukuwa tumelala. Taa ya chumba chetu ilikuwa inawaka. Tulikuwa tukiandika mahubiri ya Jumapili.

Ndugu wapendwa, Mtume Yohane katika waraka wake wa pili anatueleza Mpinga Kristo ni nani. Ni yule asiyekiri kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili. Tulitafakari fundisho hili siku nyingi baada ya usiku ule. Kumbe mpinzani wa Kristo hana haja ya kuja kwa mashua. Anaweza kuwa amekwisha kuingia ndani ya ua, ndani ya moyo wa mhubiri mwenyewe, wakati mhubiri anapomkiri Kristo kwa midomo na kumkataa anapokuja katika mwili, katika mwili wa mtoto unaotetemeka kwa homa.

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha njia iliyo bora. Someni sura ya 28 ya Matendo ya Mitume. Mtakatifu Paulo na wenzake, watu 276 kwa jumla, wanavunjikiwa na meli na kuogelea mpaka kisiwa cha Malta. Mvua inanyesha, ni baridi. Wenyeji wa kisiwa wanawasha moto na kuwakaribisha wote. Kisha nyoka anamng'ang'ania Paulo mkononi, na wenyeji wanasema huyu bila shaka ni mwuaji. Anapobaki mzima, wanageuka na kusema ni mungu. Walikosea mara mbili! Hakuwa mwuaji, wala hakuwa mungu. Lakini angalieni utaratibu wao: moto ulitangulia, maoni yakafuata. Walikuwa wamekwisha kuwakaushia wageni nguo kabla hawajaanza kuwakosea kwa mawazo. Mtu akianza na moto, hata akikosea baadaye, kosa lake halimwui mgeni. Akianza na maoni, moto hauwashwi kabisa.

Someni pia sura ya 21 ya kitabu hicho hicho. Paulo yumo safarini kwa merikebu kwenda Yerusalemu. Merikebu inatia nanga Tiro ili ishushe shehena, na kwa siku saba waamini wa pale wanakaa naye. Siku ya kuondoka, wote wanamsindikiza mpaka nje ya mji, pamoja na wake zao na watoto wao, na huko ufukweni wanapiga magoti mchangani na kusali. Kisha yeye anapanda chomboni, nao wanarudi makwao. Siku saba tu! Hawakuwa na faida naye. Lakini Roho Mtakatifu aliona vema tusimuliwe habari za magoti yale mchangani, ili watu wa miji midogo ya pwani wajue kwamba nanga ikitiwa kwao kwa siku chache, mbingu inatazama.

Na sisi Wakristo wa Afrika Mashariki, imani yetu ilifikaje? Ilifika kwa bahari. Mwezi Desemba 1860 Padre Armand Fava na wenzake walitoka kisiwa cha Reunioni, jirani yake Morisi, wakashuka Unguja. Mwaka 1868 Wamisionari wa Roho Mtakatifu wakaanza kazi Bagamoyo. Walifika kwa watu ambao hawakuwa wa dini yao, na Sultani Majid wa Unguja aliwapokea wageni hao kwa wema. Kama milango yote ya pwani ingalizibwa, je, leo tungekuwa wapi? Kanisa letu lilianza likiwa mgeni barazani pa mtu mwingine. Lisisahau.

Wahenga wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni apone. Walijua kwamba mwenye ugonjwa ni yule aliye ndani. Mwanamke wa Shunemu alikuwa na mali na mume, lakini nyumba yake haikuwa na mtoto; hakumwomba nabii kitu, alimjengea chumba tu, na kwa chumba kile nyumba yake ikapona. Mji wa Port Mathurin ulipona hofu yake. Na parokia ile ya pwani, kama ilipona kitu, ilipona kwa sababu ya mvuvi ambaye hakukasirika.

Basi, tufanye nini? Kuna mtu atasema: Padre, wezi wapo. Ni kweli, wapo, na betri yetu haikurudi. Bwana wetu hakutuagiza tuwe wajinga. Katika sura hii hii ya 10 ya Mathayo anatutaka tuwe na busara ya nyoka pamoja na unyofu wa njiwa. Kufunga lango usiku si dhambi. Dhambi ni lango lisilo na mtu wa kulifungua. Kwa hiyo twawapa mambo matatu ya kufanya.

Jambo la kwanza ni letu sisi tufundishao. Makatekista wapendwa, kabla hujamwonya mwamini juu ya mtu au kundi la watu, jiulize: ni nani atakayelishika neno hili kuliko wote, na atamfungia nani mlango kwa ajili yake? Kanisa linafundisha juu ya nyakati za mwisho, nasi tutaendelea kufundisha. Lakini tufundishe ili watu wakeshe, wala si ili wajifungie. Na tukiwa tumekwisha kusema vibaya, tutangulie wenyewe kushuka gatini. Watu wa Port Mathurin hawakuponywa na hotuba. Waliponywa walipomwona mkubwa wao akipanda ndani ya mashua pamoja na watoto wake. Sisi nasi, Jumapili iliyofuata, tulisimama mbele ya waamini, mlinzi wetu akiwa ameketi mstari wa mbele, tukayafuta maneno yetu ya Jumapili mbili.

Jambo la pili ni kujiandaa kabla mgeni hajafika. Mwanamke wa Shunemu hakungoja Elisha agonge ndipo atafute taa. Nako Rodrigues, yule mtawala alikuwa amejenga hodhi la maji milimani na kuyateremsha kwa mabomba mpaka gatini. Hapo zamani watu na mabaharia walikunywa maji ya visima, na wengine waliugua. Fikirini juu ya bomba lile! Limefikishwa gatini kwa ajili ya watu ambao hawatakaa, ambao kesho watakuwa upeoni, ambao majina yao hayajulikani bado. Hicho ndicho kikombe cha maji baridi cha Injili ya leo, kilichotiwa ndani ya chuma. Katika parokia yetu tulifanya kidogo tulichoweza: chumba kimoja kando ya ghala, magodoro mawili, chandarua, taa, mtungi wa maji. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ilichukua zamu ya mwezi kukitunza. Mlinzi alipewa ufunguo, na agizo jipya: mgeni akifika, kwanza mwulize ana shida gani, akiwa na mgonjwa, tuamshe. Hata kigango maskini kinaweza kuwa na mkeka mmoja, na nyumba moja inayojulikana kwamba hapo mgeni hupokewa.

Jambo la tatu ni kumpa mgeni nafasi ajieleze. Mwacheni aseme katoka wapi, kazika nani, anakwenda wapi. Mtu aliyesikilizwa jioni moja ni vigumu kumwita Mpinga Kristo asubuhi. Na mgeni naye ana wajibu: aseme kweli, alipe anachopaswa kulipa, aage vizuri. Slocum alinunua viazi vyake kwa fedha yake. Wahenga hawakukosea waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kumpa jembe pia ni kumheshimu.

Mtakatifu Benedikto, katika sura ya 53 ya Kanuni yake, aliwaagiza wamonaki wampokee kila mgeni kama Kristo mwenyewe, na wanawe wa Peramiho na Ndanda wanaishika Kanuni hiyo mpaka leo. Tusidhani agizo hilo ni la wamonaki peke yao.

Ndugu wapendwa, Joshua Slocum alirudi kwao Marekani tarehe 27 Juni 1898, baada ya miaka 3 na miezi 2, akiwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga. Miaka ilipopita alitweka tanga tena katika mashua ile ile, peke yake, akaelekea kusini, na hakuonekana tena. Tumwombee. Maana somo la pili la leo linatukumbusha kwamba sisi tuliobatizwa tumekwisha kuzamishwa katika kifo cha Kristo, ili tufufuke pamoja naye. Sote tu wapita bahari. Kila mmoja wetu, siku moja, atatokea kwenye bandari asiyoijua, peke yake, chombo chake kikiwa kimechakaa. Naye atatamani akute lango liko wazi na taa inawaka kwa ajili yake. Siku hiyo tutapokewa na yule ambaye tulimpokea, au tulimfungia.

Basi leo, mtakapokwenda kupokea Ekaristi Takatifu, kumbukeni kwamba hata hapo ni Mgeni anayekuja, kwa umbo dogo kabisa, na kuomba apewe mahali. Tumkaribishe. Na tukirudi nyumbani tutazame milango yetu, ni vitu gani vizito tumevisukumia nyuma yake, tuviondoe.

Tuombe. Ee Bwana Yesu Kristo, uliyezaliwa ugenini kwa kukosa nafasi nyumbani mwa watu, uwasamehe wahubiri wako neno lolote lililofunga mlango. Uwakumbuke wote walio nyuma ya milango iliyozibwa kwa hofu. Uwalinde wote walio baharini usiku huu, wavuvi na mabaharia, uwafikishe pwani, na pwani uwape mtu aliye macho. Unayeishi na kutawala milele na milele. Amina.

Na Mwenyezi Mungu awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina. Tumsifu Yesu Kristo.